Kanga Isiyorudishwa

Kila nikisikia harufu ya mafuta machafu ya injini, yale meusi yanayomwagwa gari linapobadilishwa oili, najikuta nimerudi katika chumba chetu cha Buyenzi, uso wangu umezama ndani ya salopeti ya baba, ovaroli yake ya kazi, iliyotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Ilikuwa ya buluu, ila ubuluu wenyewe ulikuwa umebaki mabegani tu. Kwingine kote ilikuwa grisi, jasho na vumbi la gereji. Mama hakuifua. Mama huyu huyu aliyekuwa akifua hata vitambaa vya kufunikia redio, aliipita salopeti ile kwa miaka minne bila kuigusa, kwa sababu baba alikuwa na salopeti mbili, ya pili aliondoka nayo mwilini, na hii ndiyo aliyokuwa ameiacha tayari kwa kazi ya kesho yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiigusa. Mama akitoka kwenda kuuza sambusa, nilifunga mlango na kuivuta ile harufu mpaka kichwa kikaniuma.

Baba alikuwa fundi wa magari, na Buyenzi nzima ilimjua kwa jina la Fundi Rajabu. Asubuhi moja, katika miaka ile ambayo mji ulikuwa umekatwa vipande na kila mtaa ukiogopa mtaa wa pili, aliitwa huko Mutakura, mtaa wa kaskazini, kumtengenezea mteja wake wa siku nyingi gari lililokataa kuwaka. Mama alimwambia asiende. Baba alisema gari halina kabila, akacheka, akachukua sanduku lake la spana, akasema atarudi kula. Mchana ule kaskazini ya mji ilichafuka. Tulisikia milio, tukaona moshi, barabara zikafungwa siku tatu. Zilipofunguliwa, wenzake wa gereji walikwenda kumtafuta wakalikuta lile gari peke yake uani, boneti iko wazi, mwenye gari hayupo wala fundi hayupo. Hakuna aliyemwona baba ameanguka na hakuna aliyemwona amekimbia. Sanduku la spana nalo halikuonekana, na hilo ndilo lililotutesa kuliko yote. Tulisema maiti haibebi sanduku la spana. Kwa hiyo alikuwa hai mahali fulani, na sanduku lake mkononi, na sisi kazi yetu ilikuwa kungoja.

Kungoja ni kazi, tena isiyo na siku ya mapumziko. Kila magharibi Mama alipakua chakula cha baba kwanza, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiweka juu ya kabati. Asubuhi tulikila mimi na mdogo wangu Swedi, kimepoa na kimegandamana, bila kuulizana kwa nini. Mama hakuwa mke wala mjane. Wanawake wenzake waliofiwa walikaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kutulia nyumbani mwake, wakaletewa sukari na mchele, wakaambiwa pole, wakamaliza, wakaanza upya. Mama hakuweza kuambiwa pole, maana kumwambia pole ni kumuua mumewe kwa mdomo. Basi watu walimwambia kitu kimoja tu, subira huvuta heri, na wakamwambia mara nyingi kiasi kwamba akiona tu mtu anafungua kinywa, yeye tayari amegeuza uso. Mtu anaweza kuchoshwa na methali kama anavyochoshwa na maharage.

Katika mwaka wa nne wa kungoja huko ndipo Mama Feza alipopanga chumba cha nyuma katika uwanja wetu. Alikuwa mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, Mkristo wa kwaya, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa tatu. Vita vya kwao vilikuwa vimemfukuza kuja kwenye vita vyetu, naye alilisema jambo hilo akicheka, kama mtu aliyekimbia mvua akaingia mtoni. Asubuhi aliuza vitenge. Alasiri aliongoza kundi la watu saba waliokuwa wakizunguka mitaani kucheza tiatre. Shirika moja lenye ofisi huko juu Kiriri, kwenye majumba ya wakubwa na mabalozi, lilikuwa limewapa kipaza sauti na kuwaahidi gari mara mbili kwa wiki. Watu waliita ile kazi "komedi", ingawa sikumbuki kama palikuwa na mengi ya kuchekesha.

Namna yao ya kucheza haikuwa ya jukwaa na pazia. Walimwaga majivu chini kuchora duara, watu wakazunguka, mchezo ukaanza. Ulikuwa mchezo mmoja tu, na haukuwa na mwisho. Mwanamke ambaye mumewe amepotea anaishi na mtoto wake. Ndugu za mume wanataka nyumba. Jirani wa kabila jingine anakuja kumsaidia na watu wanamsema. Mwanamke hajui afanye nini. Hapo wachezaji walisimama wima, na Mama Feza, ambaye ndiye aliyekuwa mwanamke huyo, alivua kanga yake na kuinyoosha mbele ya watu. Mwenye neno alipiga makofi mawili, akaingia duarani, akajifunga kanga, na kuanzia hapo yeye ndiye mwanamke yule, hata awe mzee mwenye ndevu. Alifanya alivyoona vyema, na wachezaji walimjibu. Akimaliza aliivua kanga, akaikung'uta mara tatu ndani ya duara, akairudisha. Mama Feza hakukubali mtu atoke bila kukung'uta. Alisema maneno yanaganda kwenye nguo, na mtu asipoyaacha pale ataenda nayo nyumbani. Ilikuwa kanga ya rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyofifia, na pindo jeusi, na kwa kukung'utwa sana ilikuwa imelegea kama kitambaa cha kuchujia chai.

Walihitaji mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye macho makubwa, na Mama Feza aliponiona nikiosha vyombo alisema macho yale ni mali. Mama alikubali kwa sharti moja, nirudi kabla ya saa ya kutotoka nje. Hakuuliza mchezo unahusu nini. Aliambiwa ni mambo ya amani, na mambo ya amani yalikuwa mengi siku zile hata mtu hakuuliza zaidi. Siku ya kwanza ya mazoezi niliomba karatasi ya maneno yangu.

"Mi sina karatasi ya kukupatia," alisema Mama Feza. "Sema vile unasemaka ku nyumba."

Nyumbani nilikuwa sisemi kitu. Lakini nilipokaa mkekani, mbele yangu sahani iliyofunikwa ambayo mimi mwenyewe niliomba iwekwe, nikamwona mwanamke aliyejifunga kanga, maneno yalinitoka yenyewe. Niliuliza, "Baba atarudi lini?" Hayo tu. Mama Feza aliniangalia kama mtu aliyeokota kitu ambacho mwenyewe yuko karibu, kisha akasema basi, hilo ndilo neno langu, na nitamwuliza kila atakayevaa kanga, asiachwe hata mmoja. Machozi alinikataza. "Machozi ya uongo iache," aliniambia. "Uliza tu kama vile unauliza saa."

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia hata Mama Feza. Sikuingia katika kundi lile kwa ajili ya amani. Niliingia kwa sababu nilisikia kwamba wanacheza Mutakura. Tangu wenzake wa gereji wamtafute wamkose, hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amekanyaga huko, na mimi niliamini, kwa akili yangu ya miaka kumi na mmoja, kwamba baba yuko huko huko, amezuiwa na kitu kidogo tu, na kwamba nikisimama mahali penye watu wengi nikauliza kwa sauti, atasikia. Siku ya kwanza tulipofika Mutakura, karibu na soko, niliona nyumba zisizo na mabati na magugu yaliyoota hadi madirishani, na wanawake wakiuza nyanya mbele ya kuta zilizotobolewa kana kwamba kuta zilijengwa hivyo. Mchezo ulipoanza sikuwaangalia wachezaji wenzangu. Niliangalia nyuso, safu kwa safu, nikitafuta kovu la tindikali ya betri alilokuwa nalo baba chini ya jicho. Nilipouliza neno langu nililiuliza kwa nguvu mpaka Mama Feza akanifinya. Kuuliza si ujinga, husema Waswahili, na mimi nilijishikilia hapo.

Majibu niliyoyapata katika miezi ile yangeweza kujaza daftari. Mwanamke mmoja wa Mutakura alivaa kanga, nikamwuliza, akajibu kwa ukali, "Usiniulize mi. Uliza wale wenye bunduki," na watu wote wakatazama chini, maana askari wawili walikuwa wamesimama pembeni wakila karanga. Kijana mmoja alisema baba yangu ameoa huko alikokwenda, watu wakacheka, nami namchukia mpaka leo. Mama mmoja mnene alinikumbatia tu kwa nguvu mpaka pumzi ikanikatika. Lakini jibu nililolipenda kuliko yote lilitoka Carama, kule mji unakoishia na mashamba ya mihogo yanakoanzia. Mzee mmoja aliyetoka shambani, miguu ina matope, alijifunga kanga vizuri kama mwanamke wa kweli, akachuchumaa mbele yangu. Nilimwuliza. Akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani, nikasema fundi wa magari. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa yote.

"Basi ameenda kutafuta piyesi," alisema. "We unajua, piyesi ya gari ya zamani haipatikanaki haraka."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha dharau. Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mwepesi. Kipuri. Hilo lilikuwa jambo la akili kabisa. Nilimwona baba akizunguka na sanduku lake kutoka duka hadi duka, Bukavu, Kigoma, akishika vyuma na kuvikataa, maana alikuwa mtu wa kuchagua. Usiku huo chakula kilipofunikwa, nilikifunika mimi.

Mara moja tulipelekwa kucheza Kiriri, kwenye bustani ya nyumba kubwa, ili wale wenye shirika waone kazi yao. Nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa hata majivu hayakukaa, na ikabidi duara lichorwe kwa kamba. Kutoka pale juu mji wote ulionekana, na ziwa, na milima ya kwao Mama Feza ng'ambo, na Buyenzi ilikuwa kiraka kidogo cha mabati. Nilishangaa jinsi vita vilivyoonekana vidogo kutoka pale. Kanga iliponyooshwa hakuna aliyepiga makofi. Walikaa na glasi zao, wakiandika. Mama Feza aliingoja kanga yake ichukuliwe mpaka akabadilisha mkono, na mimi, kwa kuwa sikuwa na wa kumwuliza, niliwauliza wote: "Baba atarudi lini?" Bwana mmoja alimtazama mkewe. Mwishowe mama mmoja mwenye miwani alikuja taratibu, akanipa peremende, akarudi kukaa. Ndani ya gari, tukishuka, Mama Feza hakuimba kama kawaida yake. Alisema amechoka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

Kitu kimoja ambacho Mama Feza hakukifanya ni kucheza Buyenzi. Alisema mganga hajigangi. Ukicheza mtaani kwako, watu hawamwoni mwanamke wa mchezo, wanamwona mpangaji wa fulani, na wewe nawe huwezi kuwatazama bila kujua ni nani anayepigwa na mumewe. Kwa hiyo tulikwenda kote isipokuwa kwetu. Lakini alasiri moja tulingoja gari la kutupeleka Carama, tukangoja, kisha akaja mtu kusema barabara ya kule imefungwa, kuna milio tangu asubuhi. Tulikuwa tumekaa kwenye kiwanja kilicho karibu na magereji, wachezaji wote saba, na majivu yetu kwenye mfuko. Watoto walishakusanyika. Kisha wakaja mafundi, mikono myeusi, kisha wanawake kutoka kisimani. Mmoja akasema, "Munachezeaka wengine, sisi tumekosa nini?" Mama Feza alitazama juu, akatazama kiwanja, akanitazama mimi. Nadhani aliijua hatari yake. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kuwaacha watu wamezunguka bure, akamwaga majivu.

Mchezo ulikwenda vizuri, na hilo ndilo lililonitisha baadaye nikikumbuka. Ndugu za mume walidai nyumba, watu wakawazomea. Jirani alileta unga, watu wakapiga vigelegele. Kanga ikanyooshwa. Wa kwanza kuivaa alikuwa fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba. Nilipomwuliza neno langu alivua kanga haraka akasema hii michezo si mizuri. Aliikung'uta, watu wakacheka kidogo. Ndipo nikasikia makofi mawili nyuma, mazito, ya mtu mwenye unga mikononi. Watu walisogea. Mama alikuwa amekuja kuuzia umati ule sambusa, kama alivyokwenda popote palipo na umati, na sasa alikuwa amelitua beseni lake chini na kulifunika vizuri, nzi wasiingie.

Mama Feza hakumpa kanga mara moja. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama Zubeda, acha. Wewe apana." Mama alinyoosha mkono tu, akaichukua, akajifunga kiunoni juu ya nguo yake, akaja akasimama mbele ya mkeka wangu. Miguu yake ilikuwa na vumbi hadi kwenye vifundo. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenilazimisha, na mpaka leo sijui kama nilisema kwa sababu ya mazoea au kwa sababu nilikuwa nimengoja miaka minne kumwuliza yeye na si mtu mwingine. Nilisema, "Baba atarudi lini?"

Mama alipiga magoti. Aliiangalia ile sahani iliyofunikwa, akaifunua, akaona kwamba ndani hamna kitu, maana katika mchezo haikuwahi kuwa na kitu. Aliweka kifuniko pembeni taratibu. Katika mchezo jina langu lilikuwa Amina, na wote walioingia duarani waliniita hivyo.

"Baba yako harudi, Zubeda," alisema. "Yule alikuwa mutu wa kurudi kula. Angekuwa muzima angekuwa amesharudi. Mi nimechoka kumufunikia chakula."

Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile ya kuniambia nizime moto. Kisha akageuka akawaambia watu, "Leo naingia eda." Tulisikia nyundo ya mtu aliyekuwa anafanya kazi gereji ya mbali na hakujua lolote. Kisha bibi mmoja upande wa wanawake akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na wengine wakaitikia, wakaitikia wote, hata Wakristo waliokuwa pale walisema kitu chao. Mama alisimama, akatoka duarani, na kanga kiunoni. Hakuikung'uta. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, beseni akaliacha. Mama Feza aliinua kipaza sauti kama anayetaka kumwita, akakishusha. Sambusa zilibaki pale na hakuna aliyeiba hata moja, na kwa Buyenzi ya siku zile hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

Kesho yake asubuhi imamu wa msikiti wetu alikuja na wazee wawili. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, aliyekuwa amezika watu wengi mno. Walikaa sebuleni, mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia la mlango, na kichwa changu ndani ya salopeti. Alimwambia Mama kwamba mtaa mzima unasema, na kwamba eda haianzi kwenye komedi, mchezo ni mchezo na sheria ni sheria.

"Mi sikucheza, Sheikh," Mama alisema. "Nilijibu mutoto wangu."

Imamu alikohoa muda mrefu. Akamwuliza, na akirudi? Mama akasema akirudi atafurahi kuliko watu wote waliopo, lakini kungoja kumemshinda, na kama ni dhambi basi aandikiwe yeye. Wazee waliongea kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, wakabishana kidogo. Mwisho imamu alisema wapo wanazuoni waliompangia mwanamke wa namna hii miaka minne ya kungoja, na miaka minne imetimia, hakuna aliyeweza kusema haikutimia. Akaagiza ihesabiwe kuanzia jana, akaomba dua, na kabla ya kutoka akamwambia Mama neno ambalo hakuna mtu aliyekuwa amethubutu kumwambia tangu asubuhi ile ya Mutakura. Alimwambia, "Pole." Hapo ndipo Mama alipolia. Alilia kilio kilichokuwa kimekaa ndani muda mrefu, kibaya kusikiliza, na wanawake waliokuwa wamejazana mlangoni waliingia bila kukaribishwa.

Walikuja siku nyingi, na sukari, na mchele, na makaa. Nyumba yetu ilijaa watu kama ya mtu aliyefiwa jana. Watu wazima walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwamba Mama amefanya jambo la kiume. Mimi nilimchukia. Niseme wazi, maana nimeshakuwa mtu mzima na hakuna wa kunichapa: niliamini kwamba mama yangu amemuua baba yangu mbele ya watu, kwa sababu tu alikuwa amechoka. Alikuwa na majibu yote ya dunia ya kuchagua. Angeweza kusema piyesi. Kwa wiki nyingi nilijibu maswali yake kwa kichwa, na magharibi, yeye alipoacha kupakua sahani ya baba, nilichukua nusu ya chakula changu nikaifunika na kuiweka juu ya kabati. Mama aliiona. Asubuhi sahani ilikuwa imeoshwa, na sikujua nani amekula.

Mama Feza aliniomba nirudi kundini, nikarudi mara moja, Mutakura. Nilikaa mkekani, mtu akavaa kanga nyingine waliyoipata, nikafungua kinywa na neno langu halikutoka. Nilikuwa nimeshajibiwa. Mtu hawezi kuuliza swali ambalo jibu lake analijua, labda awe mwalimu. Mama Feza aliona, hakunilaumu. Alimchukua mtoto mwingine kutoka mtaa mwingine, na haikumchukua hata siku mbili kumpata. Mji ulikuwa umejaa watoto wenye swali hilo.

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, Mama alioga, akajipaka mafuta mazuri, akaishusha salopeti kutoka msumarini. Aliifua kwa sabuni ya mche na majivu mara nne. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe, na ilipoanikwa kwenye kamba niliiendea, nikaivuta harufu, nikakuta jua na sabuni. Siku ile nililia mimi. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, mikono imelowa, akasema tu, "Najua," akakaa pale mpaka nikamaliza. Salopeti ilipewa fundi mmoja wa gereji, na kwa mwaka mzima, nikimwona kwa nyuma, nilimfuata mpaka ageuke.

Vita vilikwisha, kama vinavyokwisha vita, bila mtu kuja mlangoni kukuambia. Mama Feza alirudi Uvira na sauti yake, kanga hakuidai. Siku hizi michezo ya namna ile huchezwa kumbini, watu wameketi kwenye viti vya plastiki, kuna soda na karatasi ya kutia saini, na mwisho mtu husimama kueleza ujumbe. Nimealikwa mara kadhaa. Kanga inavaliwa, inakung'utwa, inakunjwa, inarudishwa kwenye sanduku la kundi, na kila mtu anatoka kama alivyoingia. Sisemi ni vibaya. Labda hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na yale ya kwetu yalikuwa makosa, ya siku ambayo barabara ya Carama ilifungwa. Lakini nimeshaacha kwenda.

Mama bado yupo. Ni mzee, naishi naye Buyenzi ile ile, na kichwa chake kimeanza kumwacha. Anajua sura zetu, hajui mwaka. Mwaka jana, nikiwa napakua chakula cha magharibi, aliniuliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza saa, "Baba yako atarudi lini?" Niliganda na mwiko mkononi. Nilikumbuka jinsi yeye alivyonijibu, nikaona kwamba anastahili alichonipa. Nilimwambia, "Baba harudi, Mama." Akaomba kanga. Nikamtolea ile nyekundu yenye pindo jeusi, maana imebaki chini ya nguo zake miaka yote hii, akajifunga, akakaa mkekani, akaanza eda. Alikataa kujipaka mafuta. Aliniuliza sambusa zitauzwa na nani. Siku ya nne akasahau, akaniuliza tena, na nikaelewa kwamba nikisema kweli kila mara nitakuwa namfanya mjane kila wiki mpaka afe.

Kwa hiyo sasa, akiniuliza, namwambia ameenda kutafuta piyesi, na kwamba piyesi ya gari ya zamani haipatikanaki haraka. Anaafiki kwa kichwa. Baba alikuwa mtu wa kuchagua, anasema, na hilo analikumbuka vizuri. Kisha ananiambia, "Basi mufunikie chakula," na mimi, ambaye nimechoka kama alivyokuwa amechoka yeye, nachukua sahani ya pili na kumfunikia.